Mzazi au Mlezi? Historia ya Urejeleaji wa Kijenzi cha Juu katika Msimbo wa Uhakiki wa Maunzi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya jambo linaloonekana dogo katika uandishi wa msimbo wa kuhakiki maunzi ya kompyuta: namna kijenzi kilichomo ndani ya kijenzi kingine kinavyokirejelea kile kinachokibeba. Historia hiyo inaanzia kwenye majina ya ngazi ya lugha ya Verilog katika miaka ya 1980, inapitia lugha za Vera na e, na kufikia kiwango cha UVM kinachotumika leo. Hoja kuu ni kwamba kwa muda wa miongo mitatu wahandisi walihamisha polepole mzigo wa maarifa kutoka kwa kijenzi cha chini kwenda kwa kijenzi cha juu: badala ya mtoto kumjua mkubwa wake, mkubwa ndiye aliyepewa wajibu wa kumkabidhi mtoto anachohitaji. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha kuwa neno moja la Kiingereza limefunika mahusiano mawili tofauti katika taaluma hii, na kwamba Kiswahili kina nafasi ya kuyatenganisha kabla istilahi hazijakomaa katika vitabu vya kufundishia.

1.0 Utangulizi

Programu ya kawaida ikiwa na kosa, mwandishi wake huisahihisha na kuisambaza upya. Chipu haina nafasi hiyo. Ikishachongwa kwenye silikoni, kosa lililomo hubaki humo. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika jimbo la Virginia nchini Marekani, alibaini kuwa kichakataji cha Pentium cha kampuni ya Intel kilikuwa kikitoa majibu yenye kasoro katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Chanzo kilikuwa maingizo matano yaliyokosekana katika jedwali lililotumiwa na saketi ya kugawanya. Intel ilikubali kuwabadilishia wateja vichakataji hivyo, na ikatenga dola milioni 475 kwa ajili ya hasara hiyo.

Tukio hilo halikuanzisha taaluma ya uhakiki wa maunzi, lakini liliwafanya wakuu wa kampuni waitazame kwa jicho jingine. Uhakiki ni kazi ya kuthibitisha, kabla ya chipu kutengenezwa, kwamba muundo wake unafanya kile kilichokusudiwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa uigizaji: muundo wa chipu huendeshwa ndani ya kompyuta, na pembeni yake huandikwa msimbo mwingine unaoulisha data, unaotazama matokeo na unaoyalinganisha na yaliyotarajiwa. Msimbo huo wa pembeni, ambao hapa tutauita jukwaa la majaribio, aghalabu huwa mrefu kuliko maelezo ya chipu yenyewe.

Jukwaa la majaribio hujengwa kwa vijenzi vilivyopangwa kwa ngazi. Juu kabisa pana jaribio. Ndani ya jaribio pana mazingira. Ndani ya mazingira pana mawakala, kila mmoja akishughulikia njia moja ya mawasiliano ya chipu. Na ndani ya kila wakala pana kiendeshi kinachosukuma ishara na kichunguzi kinachozisoma. Swali la makala haya ni hili: kiendeshi kilicho chini kabisa kinapohitaji kitu kilichoko juu yake, kwa mfano mpangilio uliowekwa na mazingira, kinakifikiaje?

2.0 Njia ya majina: Verilog

Verilog iliundwa katika kampuni ya Gateway Design Automation mnamo 1984, ikihusishwa hasa na Phil Moorby na Prabhu Goel. Baada ya Gateway kununuliwa na Cadence, lugha hiyo iliwekwa wazi kwa umma na ikawa kiwango cha IEEE 1364 mwaka 1995. Ndani yake muundo wote hugawanywa katika moduli, na moduli moja huweza kubeba nakala za moduli nyingine. Kila kitu hupata anwani inayosomwa kutoka juu kwenda chini, jina baada ya jina, yakitenganishwa kwa nukta, kama vile mtu anavyotaja mkoa, wilaya, kata na mtaa.

Verilog iliruhusu pia kupanda. Moduli ya chini ingeweza kutumia jina la moduli iliyo juu yake kama mwanzo wa anwani, na jina hilo likitafutwa ngazi baada ya ngazi kuelekea juu hadi lipatikane. Hili liliwezekana kwa sababu moduli hazizaliwi wala hazifi wakati wa uigizaji. Muundo wote hukamilika kabla ya saa ya uigizaji kuanza kusonga, hivyo kila anwani huweza kufasiriwa mapema, na anwani isiyopatikana hugunduliwa kabla ya jaribio kuanza.

Kwa majukwaa madogo njia hiyo ilitosha. Udhaifu wake ulijitokeza msimbo ulipotakiwa kuhamishwa. Moduli iliyotaja jina la iliyo juu yake ilikuwa imefungwa kwenye mradi ule ule. Ilipopelekwa kwenye mradi mwingine, ambamo moduli ya juu iliitwa vingine, haikufanya kazi mpaka ifunguliwe na kuandikwa upya. Kasoro hii, iliyoonekana ya kawaida wakati huo, ndiyo itakayojirudia katika kila hatua ya historia tunayoisimulia.

3.0 Kutoka moduli hadi vitu: Vera na e

Katika miaka ya 1990 chipu zilikua kiasi kwamba kuandika majaribio moja moja kwa mkono hakukutosha. Lugha mbili maalumu za uhakiki zilijitokeza. Vera ilianzia katika kampuni ya Sun Microsystems, ikaendelezwa na System Science, na ikaingia mikononi mwa Synopsys mwaka 1998. Lugha ya e ilibuniwa na Yoav Hollander, na kampuni ya Verisity ya Israeli ikaiuza pamoja na chombo kilichoitwa Specman.

Lugha hizi zilileta katika uhakiki fikra ya programu inayojengwa kwa vitu, ambayo wanazuoni wa Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walikuwa wameiasisi kwa lugha ya Simula katika miaka ya 1960. Mwandishi hutunga klasi, yaani kielelezo, na kutokana na kielelezo hicho huunda vitu vingi kadiri anavyohitaji. Faida yake ni kubwa, lakini ilikuja na tatizo jipya. Vitu huundwa wakati uigizaji umekwisha kuanza. Havina anwani ya kudumu katika ramani ya moduli, hivyo kanuni ya zamani ya kupanda kwa majina haivigusi. Kitu kikitaka kumfikia mkubwa wake, lazima kiwe kimepewa kielekezi, yaani thamani inayoonyesha kitu kingine kilipo.

Watumiaji wa e walipata majibu mawili. La kwanza lilikuwa desturi: kijenzi cha juu huweka ndani ya kijenzi cha chini kielekezi kinachorudi kwake chenyewe. La pili lilikuwa katika lugha yenyewe. Aina maalumu ya kitu iliyokusudiwa kuwa sehemu ya kudumu ya jukwaa ilipewa amri ya get_enclosing_unit, ambayo huuliza swali lenye busara: ni nani aliye juu yangu mwenye aina hii? Amri hiyo haikumlazimisha mwulizaji kujua ni ngazi ngapi zilizoko kati yake na anayemtafuta. Wakala angeweza kusogezwa ngazi moja chini, na swali lake likaendelea kujibiwa. Hata hivyo mwulizaji bado alilazimika kujua aina ya mkubwa wake, na huo nao ulikuwa ufungwa, ingawa mwepesi kuliko ule wa majina.

Mwaka 2002 Verisity ilichapisha mwongozo wa kuandika msimbo wa e unaoweza kutumika upya. Hapo ndipo suala la urejeleaji wa kijenzi cha juu lilipoacha kuwa hiari ya mwandishi mmoja na kuwa sehemu ya mbinu iliyoandikwa. Lugha yenyewe ikawa kiwango cha IEEE 1647 mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya Cadence kuinunua Verisity.

4.0 Ushindani wa maktaba, 2005 hadi 2011

SystemVerilog, iliyopitishwa kama IEEE 1800 mwaka 2005, iliunganisha lugha ya kueleza maunzi na lugha ya kuyahakiki. Sehemu kubwa ya nyenzo zake za klasi zilitokana na Vera, ambayo Synopsys iliitoa kwa shirika la usanifishaji la Accellera. Lakini lugha haikusema jukwaa la majaribio lijengwe vipi. Pengo hilo lilijazwa na maktaba za kampuni zilizokuwa zikishindana, na kila maktaba ilikuwa na jibu lake kuhusu mahali pa kijenzi katika ngazi.

Maktaba ya VMM, iliyotangazwa na Synopsys pamoja na ARM kupitia kitabu cha mwaka 2005, ilitaka kila kijenzi kinapoundwa kipewe jina la aina yake na jina la nakala yake. Majina hayo yalikuwa maandishi tu. Kijenzi kilijua kinaitwaje, lakini hakikujua kinakaa kwa nani. Maktaba ya AVM, iliyotolewa na Mentor Graphics mwaka 2006, ilichukua njia nyingine: kila kijenzi kilipewa jina pamoja na kielekezi cha kijenzi cha juu yake. Kutokana na jozi hiyo maktaba iliweza kujenga ukoo mzima yenyewe, na kila kijenzi kikaweza kutaja jina lake kamili kuanzia kileleni.

Mentor na Cadence ziliunganisha nguvu, na Januari 2008 zikatoa OVM, iliyorithi utaratibu wa jina na kijenzi cha juu. VMM nayo, katika matoleo yake ya baadaye, iliongeza uhusiano wa kijenzi na aliye juu yake. Watumiaji walichoka kubeba msimbo wa pande mbili usioelewana, wakaishinikiza Accellera kuleta suluhu. Kamati yake ilichukua OVM kuwa msingi. Toleo la awali la UVM likatoka Mei 2010, na toleo la 1.0 Februari 2011. Mwaka 2017 UVM ikawa kiwango cha IEEE 1800.2.

Kwa hiyo utaratibu ambao mwanafunzi wa leo hukariri kama kanuni, kwamba kila kijenzi huundwa kwa jina na kijenzi cha juu, ulikuwa upande mmoja wa mabishano. Ulishinda kwa sababu ulitoa kitu ambacho jina pekee halikuweza kukitoa: ngazi ambayo maktaba yenyewe inaijua na inaweza kuitembelea kwa mpangilio, kwanza kuviunda vijenzi kutoka juu kwenda chini, kisha kuviunganisha kutoka chini kwenda juu.

5.0 Gharama ya kumwita wa juu

Katika UVM kila kijenzi kina amri ya get_parent, inayorudisha kielekezi cha kijenzi cha juu yake. Kwa mtazamo wa kwanza tatizo la miaka ya 1980 limetatuliwa. Kwa hakika limebadilisha sura tu.

Tuchukue mfano wa wakala aliyeandikwa kwa ajili ya chipu ya kamera. Kiendeshi chake kinataka kusoma urefu wa foleni, ambao umewekwa katika mazingira ya kamera. Kinaita get_parent, kinampata wakala. Kinaita tena, kinayapata mazingira. Lakini maktaba haijui habari za kamera. Inachorudisha ni kijenzi cha aina ya jumla, ambacho hakina sehemu inayoitwa urefu wa foleni. Mwandishi hulazimika kukigeuza kielekezi hicho kwa amri ya $cast kuwa cha aina ya mazingira ya kamera, ndipo akisome anachokitaka.

Gharama zake ni tatu. Ya kwanza ni kwamba kiendeshi sasa kinajua mambo mawili yasiyokihusu: idadi ya ngazi zilizo juu yake na aina ya kijenzi kilicho kileleni mwa ngazi hizo. Wakala akipelekwa kwenye chipu ya simu, ugeuzaji wa aina utashindwa. Ukifanywa bila kukagua jibu lake, kielekezi hubaki kitupu, na uigizaji huanguka baadaye, mahali pengine, kwa ujumbe usiotaja chanzo.

Ya pili ni mzunguko wa utegemezi. Mazingira ya kamera yanamjua wakala kwa sababu ndiyo yanayomuunda. Wakala naye akiyajua mazingira, kifurushi cha kila mmoja kinahitaji cha mwenzake kiwe kimetangulia. Haiwezekani vyote viwili vitangulie. Wahandisi wengi huligundua jambo hili siku wanapojaribu kumtoa wakala katika mradi wao ili kumpa jirani.

Ya tatu ni ya kimya. UVM inaruhusu kijenzi kuundwa bila kutajiwa aliye juu, kwa kupewa thamani tupu. Kijenzi hicho hakikataliwi. Huchukuliwa na shina la ngazi nzima, na jina lake kamili hupoteza majina yote yaliyopaswa kulitangulia. Mipangilio yote iliyotumwa kwa anwani ya mazingira hupita kando yake. Kama mwandishi hakuagiza msimbo ulalamike mpangilio usipopatikana, kijenzi hufanya kazi kwa thamani za mwanzo na jaribio linafaulu bila kujaribu kilichokusudiwa. Katika uhakiki, jaribio linalofaulu kwa uongo ni baya kuliko linaloshindwa, kwa maana ndilo linaloipeleka chipu kiwandani ikiwa na kosa.

6.0 Kukabidhiwa badala ya kudai

Jibu lililokomaa ndani ya UVM liligeuza mwelekeo wa swali. Hifadhi ya mipangilio, inayojulikana kwa jina la uvm_config_db, humwezesha kijenzi cha juu kuweka thamani kwa anwani ya walio chini yake. Kijenzi cha chini huuliza tu: je, kuna kitu nilichowekewa kwa jina hili? Hakiulizi nani amekiweka wala ngazi ngapi ziko juu. Vijenzi viwili vya juu vikiweka thamani tofauti kwa jina moja katika awamu ya ujenzi, cha juu zaidi ndicho kinachosikilizwa. Mwandishi wa jaribio hivyo huweza kubadili mpangilio bila kugusa mazingira wala wakala.

Kwa mawasiliano ya kupanda, UVM ilitumia milango ya matangazo, ambayo asili yake ni kazi iliyofanywa katika lugha ya SystemC. Kichunguzi hutangaza alichokiona, na yeyote aliyeunganishwa husikia. Kichunguzi hakimjui msikilizaji, na kisipokuwa na msikilizaji hakiharibikiwi.

Urejeleaji wa kijenzi cha juu haukufutwa. Ngazi yenyewe inausimamia, na jina kamili analolitegemea kila mwuliza mpangilio hutokana nao. Kilichobadilika ni nani anayeutumia: maktaba inautumia kila mara, mwandishi wa kijenzi kwa nadra. Pia upo mpaka wake. Mfuatano wa miamala, ambao ndio unaobeba data ya jaribio, si kijenzi na hauna mahali katika ngazi. Huingia katika ngazi kupitia kipanga mfuatano unachoendeshwa juu yake, na hapo tena waandishi hugeuza aina ya kielekezi, wakilipa upya gharama tulizozitaja.

7.0 Neno na mahusiano mawili

Hapa historia inatufikisha kwenye suala la lugha. Kwa Kiingereza kijenzi cha juu huitwa kwa neno lenye maana ya mzazi. Neno hilo hilo hutumika pia kwa klasi ambayo klasi nyingine imerithi sifa zake. Mahusiano haya hayafanani hata kidogo. Kiendeshi cha kamera hurithi tabia zake kutoka klasi ya jumla ya viendeshi, lakini kinaishi ndani ya wakala. Hakikurithi chochote kutoka kwa wakala. Mwanafunzi anayesikia neno moja kwa mambo yote mawili hutarajia kwamba kijenzi kikiwekwa ndani ya kingine, sehemu za kilicho juu zitakuwa zake. Anaandika msimbo kwa matarajio hayo, na kikusanyaji kinaukataa bila kumweleza kosa la fikra lililo nyuma yake.

Kiswahili kimeyatenganisha mahusiano haya zamani. Fomu za shule zetu humtaka mzazi au mlezi atie sahihi, na kila anayeijaza anajua kwa nini maneno ni mawili. Mzazi ndiye ambaye mtoto amechukua damu na sura yake. Mlezi ndiye ambaye mtoto anaishi mikononi mwake, anayemlisha, anayemvisha na anayejibu kwa niaba yake. Yumkini wakawa mtu mmoja, lakini si lazima.

Tunapendekeza basi kwamba katika istilahi za taaluma hii klasi inayorithiwa iitwe klasi mzazi, na kijenzi kinachobeba kingine kiitwe kijenzi mlezi. Pendekezo hili lina faida ya pili, inayotokana na historia tuliyoieleza. Mlezi ana wajibu wa kukabidhi, na hicho ndicho ambacho hifadhi ya mipangilio ilikuja kukifanya baada ya miaka mingi ya majaribio. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kijenzi nacho hufanya kazi kulingana na alichokabidhiwa na mlezi wake. Istilahi yenyewe ingemfundisha mwanafunzi mwelekeo sahihi wa maarifa.

Pingamizi lililo wazi ni kwamba amri za lugha zitabaki kwa Kiingereza, na mwanafunzi atakutana na neno la mzazi katika get_parent. Pingamizi hilo lina uzito, ila haliondoi haja. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili atalazimika kuieleza amri hiyo kwa neno fulani, na akilieleza kwa neno linalochanganya, atakuwa ameuagiza mkanganyiko kutoka nje wakati nyumbani alikuwa na dawa yake.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba urejeleaji wa kijenzi cha juu ulianza kama jina, ukawa kielekezi, ukawa swali la aina, na mwisho ukawa makabidhiano. Katika kila hatua kilichowasukuma wahandisi ni hitaji moja: kijenzi kiweze kuhama kutoka mradi mmoja hadi mwingine bila kuandikwa upya.

Kwa washauri wa sera tunaongeza mambo mawili. Kwanza, maktaba ya UVM inapatikana bure kwa leseni huria, na maandishi ya viwango vya IEEE 1800 na 1800.2 hupatikana bila malipo kwa udhamini wa Accellera. Vyuo vyetu vinaweza kuanza kufundisha misingi hii bila kusubiri kiwanda. Pili, istilahi ni rahisi kupanda na ngumu kung'oa. Mabaraza na taasisi za Kiswahili za nchi zetu zikikutana na wahandisi sasa, wakati vitabu bado havijaandikwa, gharama ni mkutano mmoja. Zikisubiri hadi kila nchi iwe na neno lake, tutarudia ushindani wa maktaba ulioelezwa katika sehemu ya nne, safari hii katika lugha yetu wenyewe.